Kutambua Majani ya Mwituni Yanayofaa kwa Sungura wa Kufugwa: Tatizo la Majina

Mada kwa semina ya maafisa ugani na walimu walezi wa vikundi vya ufugaji, Moshi

1.0 Utangulizi

Nimeombwa nizungumze kwa dakika arobaini juu ya namna ya kutambua majani ya mwituni ambayo mtu anaweza kumkatia sungura wake bila wasiwasi. Barua ya mwaliko ilinielekeza nianze na maana ya maneno, nifuate na tumbo la sungura, kisha nitoe orodha ya mimea salama na orodha ya mimea ya sumu. Nitajitahidi kufuata mpangilio huo, ila nakiri mapema kwamba hizo orodha ndizo zinazoninyima usingizi kwa miaka mingi sasa, na muda wangu mwingi utaishia hapo. Nitakayoyasema ni maoni yangu, si msimamo wa ofisi ninayoitumikia.

2.0 Maana ya maneno

Majani ya mwituni, kwa mada hii, ni mimea yote inayojiotea: magugu ya shambani, majani ya kando ya mfereji, yale ya uani nyuma ya choo. Mmea salama ni ule ambao sungura mwenye afya akiula kwa kiasi, pamoja na nyasi, hadhuriki. Mmea wa sumu hauhitaji maelezo.

Neno linalohitaji maelezo ni sungura mwenyewe. Kiswahili kinamwita sungura yule wa hadithi anayemzidi fisi akili, na kinamwita sungura huyu aliyeko kizimbani. Hawa si mnyama mmoja. Yule wa mbugani huzaa juu ya ardhi, watoto wakitoka na manyoya na macho yamefunguka. Huyu wetu asili yake ni Ulaya ya kusini-magharibi, na watoto wake huzaliwa uchi, vipofu, ndani ya shimo. Kwa hiyo mzee akikuambia, "Jani hili sungura wa porini analila, nimemwona kwa macho yangu," huenda hasemi uongo. Anasema kweli juu ya mnyama mwingine.

3.0 Tumbo la sungura

Hapa nitapita haraka kwa kuwa mada iliyotangulia imeligusa. Sungura hana uwezo wa kutapika; kilichoingia kimeingia. Meno yake hayaachi kukua maisha yake yote, na kinachoyasaga ni nyasi. Nyasi ndizo ugali wake, majani mapana ni mboga tu. Mfugaji anayemlisha magugu matupu anamlisha mboga bila ugali. Tena si mbuzi. Mbuzi ana matumbo manne, na katika lile kubwa la kwanza vijidudu huvunja sumu kadhaa kabla hazijafika kwenye damu. Kwa sungura uchachushaji hufanyika mwishoni, kwenye utumbo mpana, sumu nyingi zikiwa zimekwisha kufyonzwa.

4.0 Majina

Nilipoanza kazi nilikabidhiwa kipeperushi cha ukurasa mmoja, chenye safu mbili. Safu ya kwanza iliandikwa LISHA: majani ya viazi, majani ya karoti, mchunga, kishona nguo, mchicha pori. Ya pili iliandikwa USILISHE: majani ya nyanya, mnyaa, na mimea yote yenye utomvu mweupe. Hakikuwa na picha hata moja. Nilikigawa kwa moyo mmoja, vijiji vingi, kwa miaka miwili. Naomba tukisome pamoja.

Majani ya viazi. Viazi vipi? Aliyeandika, bila shaka akiwa mtu wa ukanda wa chini, alikuwa na viazi vitamu akilini, na kwa hivyo hakukosea: marando yake ni chakula kizuri cha sungura. Lakini kipeperushi kilipanda mlima. Huko juu, kwenye baridi, ukisema viazi bila kuongeza neno, mtu anaelewa viazi mviringo. Majani ya kiazi mviringo yana sumu ileile inayofanya kiazi kilichopigwa na jua kigeuke kijani na kuwa kichungu. Ni ukoo mmoja na nyanya, ambayo kipeperushi hichohicho kimeikataza mistari michache chini. Kuna shule moja ilipoteza sungura saba ndani ya siku nne. Nilipofika, nilikuta mabua ya viazi mviringo yamelundikwa kizimbani. Sisemi kwamba ndiyo yaliyowaua, kwa sababu hakuna mzoga uliopimwa, na mwalimu aliniambia pia kuwa majani yalikaa ndani ya kiroba usiku kucha. Ninachosema ni kwamba mwalimu yule alikuwa na kipeperushi mkononi, na alikuwa amekitii.

Majani ya karoti. Hapa tatizo limekuja baada ya kipeperushi. Mwaka 2010, Arusha, liliripotiwa gugu geni kutoka bara la Amerika ambalo wataalamu huliita Parthenium hysterophorus. Sisi tukaliita gugu karoti, kwa kuwa majani yake machanga yamechanika-chanika kama ya karoti. Jina lilikusudiwa kumsaidia mkulima alitambue aling'oe. Hakuna aliyemfikiria mtoto wa darasa la nne ambaye tangu chekechea ameoneshwa picha ya sungura akitafuna karoti. Akisikia gugu karoti, anaelewa karoti ya bure. Nimewakuta watoto wamebeba mafungu yake kwapani, mikono inawawasha, kwa sababu gugu lile huunguza hata ngozi ya binadamu kwa mzio. Mifugo ikilila hudhurika, na maziwa na nyama huchukua uchungu wake. Mche mmoja unaweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000, kwa hiyo mtoto anayelisambaza njiani kuelekea kizimbani anatenda makosa mawili kwa safari moja.

Kulitenganisha na karoti si kazi ngumu kwa mtu mzima. Ling'oe: karoti ina karoti chini. Fikicha jani: la karoti hunukia karoti. Gugu likikomaa hunyanyua shina lenye mistari na matawi mengi, na juu yake vijiua vyeupe vidogo mno kama punje. Hatari ni kabla ya hapo, likiwa bado limelala chini kama ua la waridi la majani matupu. Wakati huo ndipo linapofanana zaidi na karoti, ndipo linapokuwa laini, na ndipo watoto wanapolipenda.

Mchunga na utomvu. Hili ndilo nimepigana nalo kuliko yote. Kipeperushi kinasema lisha mchunga. Kisha kinasema usilishe mmea wowote wenye utomvu mweupe. Vunja jani la mchunga: linatoka nini? Maziwa. Mfugaji makini akisoma safu zote mbili anaachwa njia panda, na nimeona wakichagua njia mbili tofauti. Wengine wameacha mchunga, ambao kwa maoni yangu ni jani bora kupita yote yanayoota bure katika mkoa huu. Wengine, na hawa ndio wanaonitia hofu, wamejenga hoja: ikiwa mchunga una maziwa na sungura anaupenda, basi maziwa si kitu. Wakahamia kwenye familia ya mnyaa.

Jamaa wa mnyaa si miti ya ua tu. Kwenye mahindi kuna gugu lao, Euphorbia heterophylla, linalofika magotini, na kwenye njia za miguu kuna lile dogo lenye shina jekundu lenye vinyweleo ambalo wengi huliita mziwaziwa. Utomvu wa ukoo huu huunguza kinywa na tumbo. Na jina mziwaziwa halisaidii kitu, kwa kuwa nimesikia watoto wakiliita hivyo jani lolote linalotoa maziwa, mchunga ukiwemo.

Basi tuyaache maziwa, tutazame ua. Mchunga, uwe ule wenye majani ya pembe-pembe ambao kitaalamu ni Launaea cornuta, uwe jamaa yake Sonchus oleraceus mwenye majani yaliyokumbatia shina, hutoa ua la njano la petali nyingi nyembamba, na likikauka hugeuka pamba nyeupe inayopeperushwa na upepo. Hawa wawili watu huwachanganya kila siku, na haidhuru. Wote wawili ni chakula. Ukoo wa mnyaa hauna pamba. Vijiua vyake ni vya kijani, vimebanana; kwa gugu la mahindini vimekaa kileleni katikati ya duara la majani, na kwa lile dogo vimeshikamana kwapani mwa majani, ambayo yameota mawili mawili yakitazamana. Tunda ni kijitufe chenye vyumba vitatu. Ukiona ua hilo la njano na pamba yake, lisha. Ukiona kijitufe cha vyumba vitatu, tupa. Ukiwa huoni kimoja wala kingine, subiri ua.

Mtauliza kwa nini tusitumie majina ya kitaalamu, yasiyo na utata. Kazi ya kuyaorodhesha ilishafanyika: Flora of Tropical East Africa ilianza kuchapishwa 1952, ikakamilika 2012, na inaeleza zaidi ya spishi 12,000 za Kenya, Uganda na Tanzania. Ni kazi kubwa ambayo mimi naitegemea. Ila imeandikwa kwa Kiingereza cha wanabotania, na haikuandikwa kumjibu mtu anayeuliza nani anakula nini. Kati ya vitabu vile na kipeperushi changu cha ukurasa mmoja hapana kitu.

Niliandika dokezo la marekebisho. Nilijibiwa kwamba limepokelewa. Mwaka uliofuata kipeperushi kilichapishwa upya, maneno yaleyale, karatasi ikiwa imebadilishwa rangi kutoka nyeupe kuwa ya kijani. Nimeandika madokezo mengine mawili. Naelewa kwamba fungu la uchapaji ni dogo na kwamba sungura si ng'ombe.

5.0 Vipimo vya kienyeji nisivyovikubali

Wafugaji, wakikosa msaada wetu, wamejitungia vipimo. "Mbuzi anakula" nimeshakijibu. "Sisi wenyewe tunakula" hakitoshi: mnavu tunauchemsha kwanza, na kisamvu hatukili kibichi. "Wangu amekula na yuko hai" ndicho kinachodanganya zaidi. Mnanaha, ule wenye ua jeupe kama tarumbeta na tunda la miiba, una atropini. Baadhi ya sungura wana kimeng'enya mwilini kinachoivunja, na wengine hawana. Wa kwako akila akapona, hujajua lolote kuhusu wa jirani. Na wale wanaosema mnyama hajui kujiua wakumbuke kwamba aliyefungiwa tangu asubuhi atatafuna hata mlango.

Kwa kuwa tuko Kilimanjaro, niongeze mparachichi, ingawa si gugu. Majani na magome yake ni hatari kwa sungura, yanaumiza moyo. Kila uani upo, na matawi yake hupogolewa na kutupwa jirani na vizimba.

Juu ya umande nina maoni tofauti na wenzangu. Maji si sumu. Kinachoharibu ni majani mabichi kushindiliwa ndani ya salfeti yakapata moto na kuchacha. Lakini sitabishana na anayeyaanika kwanza kivulini.

6.0 Mapendekezo

Mengine nimeyasema tayari. Nayarudia kwa sababu ukurasa wa mapendekezo ndio unaosomwa.

(a) Kipeperushi cha safu mbili kiondolewe. Kisirekebishwe, kiondolewe.

(b) Neno "viazi" lisiandikwe peke yake katika maelekezo yoyote ya lishe ya mifugo. Iandikwe viazi vitamu au viazi mviringo, kila mara, hata kama inachosha.

(c) Kanuni ya "utomvu mweupe" ifutwe, na mahali pake iwekwe kanuni ya ua na tunda.

(d) Mmea usio na ua uhesabiwe haujatambuliwa, na usilishwe kwa kubahatisha. Nyasi zipo.

(e) Kila shule yenye sungura iwe na daftari la mimea iliyokaushwa: mmea mzima, na mzizi wake, ua na tunda, umebandikwa kwenye karatasi, pembeni yameandikwa majina yote yanayotumika kijijini hapo, hata yakiwa matano. Gharama yake ni gundi na magazeti ya zamani. Nakala moja ipelekwe Hebaria ya Taifa, Arusha, ambako ni kilomita 80 hivi kutoka hapa, ili ithibitishwe.

(f) Watoto waanze na mimea mitatu tu: mchunga, kishona nguo, na lile jani la ua la buluu linalotambaa kwenye mahindi, ambalo wengine huita kongwe na wengine jaja. Mtoto anayejua mitatu kwa hakika ni bora kuliko afisa anayejua thelathini kwa kukisia. Jani jipya lianzishwe moja kwa wakati mmoja, kidogo kidogo.

(g) Gugu karoti litafutiwe jina jingine mashuleni. Natambua kwamba jina halibadilishwi kwa azimio la semina. Hata hivyo naliomba.

(h) Majani yasikatwe kwenye shamba lililopuliziwa dawa, wala kando ya barabara kuu. Hili linajulikana na halitekelezwi.

(i) Sungura aliyeacha kula na kuacha kutoa kinyesi kwa nusu siku apelekwe kwa daktari wa mifugo pamoja na majani aliyolishwa. Majani yasitupwe kwa aibu, ndiyo ushahidi.

(j) Narudia (a).

Ndugu Mwenyekiti, nimeambiwa muda umekwisha. Washiriki waliokuja na majani kama tulivyoombana kwenye tangazo, wayalete kwenye meza ya nyuma wakati wa chai. Nimeona mifuko kadhaa imejaa majani matupu. Hayo sitayataja jina. Wenye ua na mzizi waje wa kwanza.