Feza ya "kupitishwa" kwenye kiwanja cha ndege: mfuko wetu usiilipe

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanachama)



Komite ilituomba tuseme kidogo juu ya ombi lenye liko mbele yenu leo. Ombi linasema hivi: mfuko wa kusaidiana uwe unatoa dola 20 kwa kila mwanachama mwenye kupanda ndege, ili apate feza ya "kupitishwa". Sisi wa shirika, tunaotembea na ninyi tangu mlirudi kutoka Nyarugusu na Meheba, tunasema wazi tangu mwanzo: tunawaomba mlikatae. Lakini tusikimbie. Mwenye aliandika ombi hili hakuliandika kwa ubaya. Aliona mama mmoja wa chama akiachwa na ndege ya Kinshasa, na siku mbili nyuma yake ndiyo alikuwa na randevu ya viza ya kumfuata mtoto wake Marekani. Ile randevu ilipotea.

Tena, ninyi munajua mstari kuliko watu wengine. Miaka mingi mulipanga mstari wa unga, mstari wa maji, mstari wa kadi. Wenye walikaa Tanzania mpaka leo wanauita foleni. Mtu aliyepita maisha ya namna hiyo, siku moja akiambiwa kwamba kwa dola 10 tu anaweza kuuruka mstari, atafurahi, na hatuwezi kumshangaa.

Sasa tuangalie kile kinachouzwa. Unafika kiwanjani na valizi yako. Mbele ya mlango kijana anakukimbilia: "Mama, uko na protokole? Mstari ule ni mrefu, ndeke itakuacha. Leta kakitu, tukupitishe huku." Kijana mwenyewe hana uwezo wa kukupitisha. Uwezo uko kwa mwenye anasimama ndani, na badji shingoni. Feza inatoka kwako, inaingia kwa kijana, nusu inaenda ndani. Wanaiita sukari ya chai, mai ya kunywa, madesu ya bana. Majina ni mengi juu hakuna mwenye anapenda kuliita kwa jina lake.

Lakini kiwanjani hakuna mstari mmoja. Kuna mstari wa bileti, wenye wanapima mizigo. Kuna wa kulipa Go-Pass. Kuna wa karatasi, pasipoti na karte ya manjano. Na kuna mstari wa mashini inayoangalia ndani ya mifuko, fasi wanakuambia toa mukaba, toa simu. Mwenye kuuza njia ya kuruka mistari mitatu ya kwanza, anawaibia saa wale wenye wanasimama. Ni ubaya, na tutarudia. Lakini mwenye kukupitisha kando ya mashini, huyo hauzi saa. Anauza usalama wa watu wote wenye wako ndani ya ile ndege, pamoja na wako mwenyewe uliyelipa. Juu kama wewe umepita na dola 10, wa nyuma yako pia atapita na dola 10, na hujui amebeba nini.

Tuchukue mfano wa mbali, juu hukumu yake ilitangazwa na mambo yake yanajulikana vizuri. Tarehe 24 Agosti 2004, kwenye kiwanja cha Domodedovo, Moscow, kule Urusi, wanamke wawili walipanda ndege mbili tofauti. Mmoja alikuwa na bileti ya kesho yake. Akapata mtu mwenye kuuza bileti kwa njia za kando, tuseme protokole wa kule. Yule akampa mfanyakazi wa kampuni ya ndege rubli 1,000, ambayo wakati ule ilikuwa kama dola 34. Mfanyakazi akaandika juu ya bileti kwamba huyu apandishwe ndege ya usiku uleule. Usiku huo ndege zote mbili zilipasuka angani kwa sababu ya mabomu waliyobeba. Watu karibu 90 walikufa. Muuza bileti na mfanyakazi walihukumiwa mwaka mmoja na nusu kila mmoja. Musiwafikirie kama wauaji. Hawakujua chochote juu ya bomu. Walijua tu kwamba kuna mteja mwenye haraka, kama wale wa kwetu.

Mutasema: kwetu nani anabeba bomu? Sawa. Turudi hapa nyumbani. Tarehe 25 Agosti 2010, ndege ndogo aina ya Let 410 ilianguka Bandundu. Ndani walikuwa watu 21, akapona mmoja tu. Yule aliyepona alieleza kwamba abiria mmoja alificha mamba ndani ya mfuko wa sporo, mamba akatoka, watu wote wakakimbilia mbele kwa woga, ndege ikapoteza usawa wake. Wengine walicheka waliposikia habari hiyo. Watu 20 walikufa, bandugu. Mashini ya mizigo inatafuta bunduki na bomu, lakini inatafuta pia mambo ya kila siku yenye sisi tunayaona si kitu.

Na kwa kweli, mara nyingi tunalipa ili mambo ya kila siku yapite. Bidoni ya mafuta ya ngazi ndani ya mfuko wa mkononi. Shangazi yuko Kinshasa anataka mafuta ya kwetu, na sheria ya viwanja vingi inasema kitu cha majimaji kisipite mililita 100 mkononi. Basi tunatoa feza. Kumbe ile bidoni ukiifunga vizuri na kuiingiza ndani ya valizi kubwa yenye inaenda chini ya ndege, shida imeisha, hulipi mtu. Betri ya kubeba ya kuchajia simu, ni kinyume chake: hiyo isiende chini, ikae na wewe juu, maana ikishika moto chini hakuna mtu wa kuuona. Na jenereta ndogo yenye imetumika, hata ukiimwaga esansi inabaki na mvuke ndani. Hiyo hata mtu akiahidi kukupitisha na dola 50, usipande nayo. Hapo tunawaomba kwa magoti.

Juu ya hao wafanyakazi. Hatukukuja hapa kuwatukana. Wamoja ni majirani zetu, watoto wao wanasoma na watoto wenu. Mshahara ukichelewa miezi, mtu mwenye badji anaona mlango wake kama shamba lake. Tunaelewa hilo, lakini kuelewa si kukubali. Sheria namba 05/006 ya tarehe 29 Machi 2005, yenye ilirekebisha kitabu cha adhabu cha Kongo, inamwadhibu mwenye kupokea na mwenye kutoa pia. Na hapo ndipo ombi lenu linatutia woga zaidi. Mwanachama akitoa kakitu kwa siri, ni yeye na dhamiri yake. Chama kikiandika ndani ya daftari "dola 20, kupitishwa", tumeandika kosa kwa mkono wetu, na sahihi ya mtunza feza chini. Siku mtu atakuja kukagua hesabu zetu, tutamwambia nini?

Kuna jambo lingine la bei. Leo ni dola 20. Wakijua kwamba watu wa chama fulani wako na feza tayari ndani ya bahasha, mwaka wenye kuja itakuwa 40, na mwenye hana bahasha atazuiliwa kabisa. Sisi wenyewe tutakuwa tumepandisha bei ya mlango.

Basi ule mama aliyeachwa, tungemsaidia namna gani? Tuliuliza mambo yalivyokwenda. Alifika kiwanjani saa moja na nusu mbele ya ndege kuondoka, juu teksi ilikawia. Halafu walimzuia kwa karte ya manjano. Waliambia kwamba chanjo yake ya homa ya manjano imepita miaka 10, "imekufa", alipe ama arudi. Ile ni uongo. Tangu tarehe 11 Julai 2016, kwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani, karte ya homa ya manjano inafaa maisha yote, hata ile ya zamani yenye iliandikwa miaka 10. Tumechapisha ile kanuni kwa kifaransa, ukurasa mmoja. Mwenye kusafiri aibebe pamoja na karte yake. Akiambiwa karte imekufa, aitoe polepole, bila kelele, aseme: "Shefu, naomba usome hapa." Tumeona ikifanya kazi, si kila mara, lakini mara nyingi.

Go-Pass, ile yenye ilianza mwaka 2009, usiilipe kwa mtu wa njiani. Mwenye kukuambia umpe mkononi atakuletea, kataa. Mzee ama mgonjwa mwenye hawezi kusimama, aombe kiti cha magurudumu siku ya kununua bileti, si siku ya safari. Kampuni inampeleka mbele bila feza, na anapita kwenye mashini kama wengine. Na kubeba mizigo ni kazi ya haki: kijana akikubebea valizi mpaka mlangoni, mulipe, mupatane bei mbele.

Kwa hiyo tunaleta pendekezo letu pembeni ya lile la kwanza. Zile dola 20 zibaki ndani ya mfuko, lakini zilipe teksi ya alfajiri, mtu afike saa tatu mbele ya ndege, na kopi za karatasi zake. Kwa wenye wanatoka mbali, zilipe usiku mmoja wa kulala kwa mwanachama wa karibu na kiwanja, pamoja na chakula. Mtunza feza ataandika kila kitu na kuweka karatasi ya malipo.

Tunajua pia kwamba ndani ya chumba hiki kuna vijana wawili ama watatu wenye kula kwa kazi ya protokole. Hatutawataja. Tunawaomba tu wabaki nyuma kidogo, juu tunatafuta watu wa kubeba mizigo na kusindikiza wazee, kwa bei yenye chama kitakubali mbele ya wote. Karatasi za ile kanuni ziko kwa mama mwandishi, pale karibu na dirisha. Mwenye kusafiri wiki hii achukue ya kwake kabla ya kura.