Goti Bandia: Si Chuma Peke Yake

Goti bandia likitajwa, wengi hufikiria spea ya matatu: ya zamani inatolewa, mpya inatiwa. Sivyo. Kinachomtoa daktari jasho ni kano zinazoshika goti.

Chukua mama ambaye goti lake limelika upande wa ndani kwa miaka mingi hadi akaota matege. Kano za ndani hufupika na kukaza, za nje huvutika na kulegea, kama hema lenye kamba fupi upande mmoja. Akitiwa chuma bila kano kurekebishwa, goti litazidi kuelemea upande ule ule, na plastiki inayokaa kati ya vyuma italika mapema.

Kwa kawaida daktari hukata ncha za mfupa wa paja na wa muundi ili mstari kutoka nyonga hadi kifundo cha mguu upite katikati ya goti. Huondoa pia vinundu vya mfupa vilivyoota pembeni. Mara nyingi ndivyo vilivyokuwa vikikaza kano, na vikitoka goti hulegea lenyewe. Likiwa bado limebana, hulegeza kano kidogo kidogo huku akipima, maana iliyolegezwa kupita kiasi hairudi kwa urahisi. Hupima mguu ukiwa umenyooka, kisha goti likiwa limekunjwa nyuzi 90. Likibana katika kunyooka, mgonjwa atatembea akichechemea. Likilegea katika kukunjwa, kushuka ngazi kutamtia hofu.

Magoti yanayogongana yana hatari yake. Mshipa wa fahamu ulio upande wa nje wa goti unaweza kuvutika mguu unaponyooshwa, mgonjwa akashindwa kuinua wayo.

Kwa hiyo kuchelewa kuna gharama. Mguu uliopinda sana huenda ukahitaji goti bandia lenye vyuma virefu vinavyoingia ndani ya mfupa, na hilo ni ghali zaidi. Anayeona mguu umeanza kupinda aende hospitali, na eksirei apigwe akiwa amesimama. Ya kulala huficha mpindo.

Baada ya upasuaji, mto usiwekwe chini ya goti. Raha upo nayo, lakini goti huzoea kukaa limekunjwa na kano hukaza tena. Uwekwe chini ya kisigino. Mazoezi nayo huanza siku ile ile au kesho yake, hata yakiuma.