Kichupa Chenye Namba



Wahitimu wetu wa sayansi ya maabara, nataka niwasimulie habari ya zawadi moja.

Kuna saratani inayoota katika shina la ubongo la mtoto. Daktari hawezi kuikata, maana imejisokota na neva zinazoendesha kupumua na kumeza. Mionzi huituliza kwa miezi, kisha saratani hurudi. Ndiyo iliyomuua Karen, binti mdogo wa Neil Armstrong, mwaka 1962. Miaka 7 baadaye baba yake alitembea mwezini. Tiba ya ugonjwa ule ikabaki palepale kwa miongo mingi.

Kilichokosekana ni seli za kuchunguza. Kisha wakapatikana wazazi waliomzika mtoto na kukubali uvimbe wake utolewe kwa ajili ya utafiti. Kutokana na zawadi ya namna hiyo, mtafiti Michelle Monje na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walikuza seli maabara, wakachapisha kazi yao mwaka 2011. Mwaka 2018, wakishirikiana na mtafiti Crystal Mackall, walionyesha kwamba seli hizo zimejaa GD2, molekuli ya mafuta na sukari, juu ya utando wake.

Hapo ndipo kipokezi kinapoingia. Seli T, askari wa damu yetu, humtambua adui kwa vipokezi vyao, na saratani hii ilikuwa ikiwapita bila kushikwa. Basi huchukuliwa seli T za mtoto mwenyewe, zikapandikizwa jeni ya kipokezi kilichobuniwa kuishika GD2, zikazalishwa kwa wingi, zikarudishwa mwilini. Matokeo ya jaribio la tiba hiyo, yaliyochapishwa mwaka 2024: kati ya wagonjwa 11, uvimbe wa 4 ulipungua kwa zaidi ya nusu, na wa mmoja kati ya hao 4 ukatoweka kabisa.

Sitawaficha: wengine walifariki. Seli zikianza kushambulia, ubongo huvimba ndani ya fuvu lisilotanuka, na mgonjwa lazima aangaliwe usiku na mchana. Kazi bado mbichi, wanangu, na mikono inahitajika.

Muda si mrefu baadhi yenu mtakabidhiwa kichupa chenye namba na tarehe. Someni lebo mara mbili. Angalieni jokofu kabla ya kwenda nyumbani. Huenda kichupa hicho kimetoka kwa mama aliyekuwa amevaa kanga ya msiba, akaulizwa, akaitikia.