Cheti cha Daktari kwa Watu wa Kazi za Hatari

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kamati imetuagiza tuseme nanyi juu ya kupimwa na daktari kwa watu wanaofanya kazi za hatari. Tumekubali, ijapokuwa twajua ya kuwa jambo hili halipendwi sana katika nchi yetu ya chai. Mtu akiambiwa aende akapimwe, neno la kwanza linalomjia moyoni ni kufukuzwa kazi. Hofu hiyo si upuuzi, wala hatutaidharau, kwa kuwa tumeiona kwa majirani zetu.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyefanya kazi kiwandani kwa miaka mingi kando ya mashine za kukatia majani. Jina lake na la kiwanda tunayaacha. Kila alipopelekwa kupimwa masikio alirudi na cheti kisemacho anafaa. Alipokwisha kustaafu ndipo alipotuambia siri yake: alikuwa akikitazama kidole cha muuguzi kikibonyeza kidude, naye huinua mkono papo hapo kana kwamba amesikia mlio. Alicheka sana alipokuwa akisimulia. Mkewe hakucheka, maana yeye ndiye aliyekuwa akimwita mara tatu ndipo ageuke, na wajukuu walikuwa wamejifunza kumvuta nguo kwanza kabla ya kusema naye. Basi mzee huyo alipotaka kudai fidia ya masikio yake, vyeti vyake mwenyewe vilisimama upande wa pili. Vyote vilisema kwamba masikio yake ni mazima.

Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo. Wengi wetu twafikiri kwamba daktari wa kazini ni kama mlinzi wa mlangoni, aingize huyu na kumzuia yule. Lakini kazi yake kubwa zaidi ni kuandika mwili wa mtu ulivyo siku fulani, ili mwili huohuo ulinganishwe nao siku nyingine. Kelele za mashine haziui masikio kwa siku moja. Ndani kabisa ya sikio mna vijinywele vidogo sana vinavyopokea sauti, navyo vikifa havioti tena. Hufa kwanza vile vya sauti nyembamba, hata mtu hajijui, kwa sababu mazungumzo ya kawaida bado ayasikia. Kipimo ndicho kinachoona hasara hiyo mapema, wakati ingaliko nafasi ya kumpa mtu vizibo vya masikio au kumhamisha mahali pengine.

Na mambo ni hayohayo kwa dawa za sumu. Wazee wengi hapa mwayajua majosho ya ng'ombe, na wale waliokuwa wakikoroga dawa za kuua kupe. Baadhi ya dawa za namna hiyo hushambulia kitu kilichomo damuni ambacho mishipa ya fahamu yakihitaji. Daktari aweza kukipima, lakini kiasi chake si sawa kwa watu wote. Kwa mmoja ni kikubwa tangu kuzaliwa, kwa mwingine ni kidogo. Basi asipojua damu ya mtu ilikuwaje kabla hajaishika dawa, hesabu anayoipata baadaye humwambia machache sana. Vivyo hivyo mapafu ya mtu afanyaye kazi katika vumbi la kuchambulia chai, ambaye hupuliza katika kipimo ili ijulikane nguvu ya pumzi yake.

Sheria yajua haya. Kanuni za upimaji wa afya kazini zilitolewa mwaka 2005, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ikafuata mwaka 2007. Kwa kazi zilizotajwa humo, mtu yapasa apimwe kabla ya kuanza, apimwe tena kila baada ya muda, na apimwe anapoacha kazi. Gharama ni ya mwajiri, si ya mfanyakazi. Kanuni nyingine za mwaka huohuo wa 2005 zakataza mtu kukaa katika kelele zinazopita kipimo cha desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 katika siku moja.

Kwa maoni yetu, kipimo kinachopuuzwa kuliko vyote ni kile cha mwisho. Siku ya kuacha kazi mtu ana haraka ya hesabu yake na mizigo yake. Nani atakumbuka kwenda kupuliza bomba? Na tena wengi wetu hatuna hata karatasi ya kipimo cha kwanza. Wazee watakumbuka kipande, kilichovaliwa shingoni ndani ya kijaluba cha bati hata kilipoondolewa mwaka 1947. Mlikichukia, na kwa haki. Kiliandikwa kwa faida ya bwana, na aliyekivaa hakupata faida yoyote. Hofu yetu ni kwamba vijana huiona karatasi ya daktari kuwa ni kipande kingine, wakaiacha ofisini, hali hii yaweza kuwa ushahidi wao.

Twataja kesi moja inayojulikana na watu wote. Wachumaji wa Kericho zaidi ya 1,000 walipeleka madai Edinburgh, katika Mahakama ya Scotland, juu ya kampuni ya James Finlay (Kenya) Limited, wakisema kwamba miaka ya kubeba majani mgongoni na kuinama katika michai imewaharibu migongo. Kampuni ilikana. Mwaka 2022 mahakama hiyo iliruhusu madai yao yasikilizwe kwa pamoja. Lakini Desemba 2024 majaji wa rufani wa hukohuko waliisimamisha kesi, ili madai yapelekwe kwanza hapa Kenya chini ya Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007. Si kazi yetu kusema nani ana haki. Twasema tu kwamba njia ndefu ya kwenda ng'ambo imewarudisha watu mahali palepale, mbele ya daktari wa hapa petu, naye hana budi kuuliza mgongo huu ulikuwaje ulipoanza kazi. Sheria hiyo ya fidia huhesabu ulemavu kamili wa kudumu kwa mishahara ya miezi 96, na ulemavu wa sehemu kwa kadiri ya sehemu. Miezi 96 ni miaka 8. Mtu hupoteza kiasi hicho, au sehemu yake kubwa, kwa kukosa karatasi moja. Tena dai la ajali yapasa lipelekwe kabla ya miezi 12 kupita.

Sasa turudi kwenye hofu ya kufukuzwa. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yasema kwamba mwajiri akitaka kumwachisha mtu kwa sababu ya udhaifu wa mwili, sharti kwanza amweleze sababu hiyo kwa lugha anayoifahamu, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa chama cha wafanyakazi, na amsikilize. Cheti cha daktari peke yake si barua ya kufukuza. Na sheria ya mwaka 2006 imekataza mtu kulazimishwa kupimwa virusi vya UKIMWI ili apate kazi. Binti zetu nao wajue kwamba mimba si sababu halali ya kunyimwa kazi. Akiambiwa vingine, na aje atuone.

Lakini hatutawadanganya. Sheria ni kitu kimoja na laini za chai ni kitu kingine. Siku hizi mashine za kuchuma zimechukua mahali pa mikono mingi, na kijana azishikaye hupata kelele na mtetemo kwa pamoja. Wengi huajiriwa kwa msimu, tena kwa mkono wa mkandarasi. Huyu aliyekuja kwa miezi mitatu, nani atampima masikio? Kampuni humwonyesha mkandarasi kidole, na mkandarasi huionyesha kampuni. Swali hilo tumelipeleka kwa wajumbe wa chama cha wafanyakazi, nasi hatujapata jibu la kuwasomea leo.

Tena kuna neno la aibu kidogo, nanyi mtuwie radhi. Sisi wenyewe ni waajiri. Wengi hapa tuna michai yetu ya ekari moja au mbili, na majani tunayapeleka kiwandani. Magugu yakizidi twamwita kijana wa jirani, twamvika pampu mgongoni, twampa dawa ambayo hata maandishi ya chupa hatukuyasoma, naye huenda miguu mitupu. Jioni akisema kichwa chamwuma, twampa chai ya maziwa. Sheria ile ya mwaka 2007 haikusema makampuni tu. Yataja kila mahali ambapo mtu yuko kazini. Tukiwadai wakubwa wafanye, na sisi tutazamwe.

Kamati imeamua haya. Kuanzia mwezi ujao tutakaa ofisini kila Jumamosi asubuhi. Mwanachama ye yote, au mtoto wake, aliye kiwandani, kwenye boila, kwenye trekta, kwenye dawa au kwenye mashine za kuchuma, na alete karatasi aliyopewa na daktari. Asiyejua kusoma tutamsomea kwa Kipsigis au kwa Kiswahili. Asiye na karatasi tutamwandikia barua ya kuiomba, na nakala tutaiweka kabatini chini ya ufunguo, maana habari za mwili wa mtu si za sokoni. Na anayeondoka kazini mwaka huu, aje kabla hajatia sahihi hesabu yake ya mwisho. Wazee, twawaomba mtutumie vijana hao. Wao hawatatusikia sisi kama watakavyowasikia ninyi.

Yule mzee wa masikio amekubali kuketi nasi Jumamosi ya kwanza. Tumemwambia ataketi karibu sana na meza.