Mpakani Kila Kitu Kinahesabiwa, Isipokuwa Wimbo

Msikilizaji, habari ya mgawo wa mirabaha wa mwaka 2022 kutoka COSOTA, chombo cha hakimiliki, umeshaisikia. Shilingi milioni 312, wasanii 1,123, waziri, makofi, picha. Umeshasikia na makelele yaliyofuata: waliopata kidogo wananung'unika, waliokosa wanalalama. Hayo hatutayarudia. Sisi wa huku Tunduma, mpakani na Zambia, tuna letu moja, nalo tunaliuliza leo kama tulivyokwisha kuliuliza siku nyingine: nani anahesabu?

Ukizigawa fedha zile sawa kwa sawa, kila msanii anaondoka na laki mbili na elfu sabini na nane, kasoro kidogo. Hazikugawiwa sawa, tunajua. Mirabaha hufuata matumizi: aliyepigwa sana apate zaidi, aliyepigwa kidogo apate kidogo. Utaratibu mzuri. Lakini umepigwa wapi? Nani alikaa akasikiliza, akaandika? Wimbo ukipigwa Vwawa saa nne asubuhi, nani anahesabu? Ukipigwa Mlowo, ukipigwa Itumba, ukipigwa Mkwajuni, ukipigwa Kamsamba, nani anahesabu?

Wiki hii tumepokea simu nyingi kuhusu mirabaha, na jina lililotajwa kuliko majina yote ni la mtu ambaye vijana wa sasa wanamjua kwa kuhadithiwa tu. Mr Nice. Wengine wamepiga simu za kicheko. Wanakumbusha jinsi alivyokwenda Nairobi kufufua jina lake, akatoa “Tabia Gani”, na wimbo ukapita kama lori lisilo na mzigo. Wanacheka, wanakata simu.

Basi ngoja tukae kidogo kwenye kicheko hicho.

Lucas Mkenda, maana hilo ndilo jina lake, hakuwa mtu wa kuchekwa. Mwaka 2002 alitoa albamu ya “Rafiki”, mwaka 2004 akatoa “Bahati”, na katikati ya miaka hiyo hapakuwa na harusi, kipaimara wala sherehe ya kufunga shule iliyomalizika bila yeye. “Kikulacho”. “Fagilia”. “Kidali Po”. “Kuku Kapanda Baiskeli”. Wenzake wa Bongo Fleva walikuwa wanachana mistari kuhusu maisha magumu na mapenzi ya mjini. Yeye alikwenda kuokota michezo ya watoto uwanjani, akaitia ngoma, na bibi na mjukuu wakainuka pamoja. Muziki wake aliuita Takeu, yaani Tanzania, Kenya na Uganda, na mipaka ya nchi hizo tatu aliivuka kweli. Wakosoaji walisema ni nyimbo za kitoto. Walisema hivyo huku wanacheza.

Wenye umri wa kukumbuka, kumbukeni zilikuwa siku za kanda. Kanda halali ilitoka kwa wasambazaji wa Dar es Salaam, ikapanda basi, ikateremka Tunduma. Ikishateremka, ilikutana na redio ya deki mbili. Upande huu kanda ya Mr Nice, upande ule kanda tupu, bonyeza. Baada ya saa moja ziko mbili, jioni ziko ishirini, kesho ziko Nakonde, upande wa Zambia, kwenye mfuko wa rambo. Nani alihesabu? Sheria ya hakimiliki ilikuwapo, ya mwaka 1999. COSOTA ilikuwapo. Deki mbili nayo ilikuwapo, na deki mbili ndiyo iliyofanya kazi usiku na mchana.

Na hapa ndipo tunapopata uchungu sisi watu wa mpakani. Tunduma ni mji wa kuhesabu. Hatuna kazi nyingine hapa. Lori linapimwa Mpemba, ekseli kwa ekseli. Shaba ya Zambia na ya Kongo inapita na karatasi zake, lakiri zake na mawakala wake wa forodha. Mafuta yanapimwa kwa lita. Mbolea inahesabiwa kwa mfuko. Mwaka 2019 Rais Magufuli na Rais Lungu walikuja hapa wakafungua kituo cha pamoja cha forodha, ili kuhesabu kwenyewe kuwe kwepesi, nchi mbili chini ya paa moja. Mama mwenye debe la mahindi kichwani anaulizwa anakwenda nalo wapi. Wimbo hauulizwi. Wimbo unapita mchana kweupe, ndani ya lori lilelile lililopimwa Mpemba, dereva anaimba nao mpaka Lubumbashi, na hakuna aliyeandika hata mstari mmoja kwenye daftari.

Kila kitu kinahesabiwa hapa, isipokuwa wimbo.

Sasa turudi Nairobi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2010 Mr Nice alipochukuliwa na Grandpa Records, lebo iliyokuwa ya moto wakati ule. Ikaonekana ni ndoa nzuri: jina kubwa la zamani, studio changa yenye njaa ya kazi. “Tabia Gani” ukatoka, na video yake. Tumeusikiliza tena wiki hii hapa studioni, zaidi ya mara moja, na hatutasema uongo kwa ajili ya heshima. Haukufikia. Sauti ni ileile, mtu ni yuleyule, lakini unamsikia mwimbaji aliyeambiwa vijana wanapenda nini siku hizi naye akajitahidi kutii. Ile furaha ya uwanja wa shule haimo. Ngoma imenyooshwa kuliko inavyopaswa. Haikuchukua muda mrefu, lebo na msanii wakaachana, yakafuata maneno ya magazetini ambayo hayana faida kuyarudia.

Wimbo hafifu, basi. Na iwe hivyo. Mwanamuziki gani hana wimbo hafifu? Franco alikuwa nao, na Mbaraka Mwinshehe alikuwa nao. Wimbo hafifu ni haki ya kila msanii.

Kinachotusumbua ni kingine. Miaka kumi baada ya “Rafiki”, kwa nini maisha ya mtu yule yategemee wimbo mmoja mpya? Zile za zamani zilikwenda wapi? Zilikuwa hazipigwi? Zilikuwa zinapigwa! Zinapigwa mpaka leo. Desemba hii iliyopita tu, kwenye sherehe za Krismasi hapa Tunduma, mlicheza nini na watoto?

Angalieni wenzetu. ABBA wa Sweden walirudi mwaka 2021 na albamu mpya baada ya miaka 40 ya kukaa kimya. Kuna walioipenda, kuna waliosema wazee wamechoka. Hata kama hakuna mtu hata mmoja angeinunua, wazee wale wanne wasingekosa ugali. Kwa miaka 40 kila “Dancing Queen” ilipolia, redioni, dukani, kwenye filamu, palikuwa na mtu anayehesabu. Wao walirudi kwa kutaka. Wetu anarudi kwa kulazimika, na mtu aliyelazimika hutunga kama mtu aliyelazimika.

Mtaani wanasema Mr Nice alitapanya. Inawezekana, sisi hatukushika mfuko wake. Lakini mtu hutapanya alichopata, na ambacho hakikuhesabiwa hakukipata, kwa hiyo hakukitapanya. Fedha za deki mbili za Tunduma hakuzitapanya Mr Nice.

Wala hayuko peke yake. Saida Karoli wa Kagera alitutikisa na “Maria Salome” mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha akapotea masikioni. Mwaka 2016 Diamond, akiwa na kijana wetu wa Nyanda za Juu Kusini, Rayvanny wa Mbeya, wakauchukua wimbo ule wakauvika nguo mpya, na bara zima likaucheza. Ndipo nchi ikakumbuka kwamba Saida yupo, na mwaka 2017 akarudi na “Orugambo”. Ilibidi akumbukwe kwanza na nyota mwingine. Na hapo ng'ambo, hatua chache kutoka hapa tulipo, Rais Kaunda aliwahi kuamuru redio ya Zambia ipige asilimia 95 muziki wa nyumbani. Magitaa yakalia kweli, hasa kwenye miji ya migodi. Bendi ya WITCH ikawa maarufu nchi nzima. Jagari, mwimbaji wao, baadaye alikwenda kuchimba vito ili aishi. Amri ya kupiga ilikuwapo. Nani alihesabu? Mpaka wageni wa mbali walipozitoa upya zile sahani za zamani ndipo mzee akapanda tena jukwaani, Ulaya.

Sasa mtatuambia mambo yamebadilika. Kanda zimekufa, deki mbili zimekufa, siku hizi kuna mtandao na mtandao unajihesabu wenyewe. Tokeni mkatembee stendi. Vibanda vya kuingiza nyimbo vipo, kompyuta ipo, foleni ya memori kadi na flashi ipo. Nyimbo mia kwa bei ya soda. Humo ndani kuna Diamond na kuna Zuchu, lakini humo humo kuna kwaya zetu za Mbozi, kuna vijana wanaoimba kwa Kinyiha na Kinyamwanga, kuna yule aliyeuza baiskeli yake alipie studio Mbeya. Kwaya ya kijijini inarekodi kwa sadaka za waumini, kisha kibanda kinaiuza mwaka mzima. Nani anahesabu? Ni deki mbili ileile, imevaa kioo.

Milioni 312 ni mwanzo, na tunaushukuru. Tungekuwa wanafiki tukisema si kitu. Lakini mwanzo wa nini, kama masikio yanayosikiliza hayafiki Songwe? Mkoa huu ulitengwa na Mbeya mwaka 2016. Una redio zake, una kumbi zake, una mabaa yanayopiga muziki mpaka alfajiri kando ya foleni ya malori. Una madereva kutoka nchi nne au tano ambao hapa ndipo wanaposikia wimbo wa Kitanzania kwa mara ya kwanza, na hapa ndipo wanapoununua, kwenye flashi, kwa mtu asiyeandika. Kama hesabu inafanyika kwa kusikiliza redio za miji mikubwa peke yake, basi msanii wa Tunduma atapigwa Tunduma, atapendwa Tunduma, na atalipwa mwingine wa Dar es Salaam.

Kwa hiyo tunasema, na tunasema kwa sauti. COSOTA, njooni Tunduma! Msije kwa semina ya siku moja na kurudi jioni. Wekeni mtu hapa, ndani ya kituo kilekile cha forodha, akae meza moja na wanaohesabu shaba. Kaeni na wenzenu wa nchi ya upande wa pili wa geti, ZAMCOPS wa Zambia. Nchi mbili zilizoweza kukubaliana kuhusu lori haziwezi kushindwa kukubaliana kuhusu wimbo. Wenye redio, kubwa na ndogo, andikeni mnachopiga na lipeni mnachopaswa kulipa. Wenye mabaa na kumbi, muziki ndio unaowajazia viti, lipieni. Wenye vibanda vya stendi, hatuwataki mfukuzwe wala mpigwe. Tunataka mpewe leseni, muuze kihalali, mhesabu.

Na ninyi wasanii wa Songwe, acheni kungoja kuonewa huruma uzeeni. Wimbo haujatoka kinywani vizuri, mmeshaurusha kwenye makundi ya simu. Usajilini kwanza! Andikeni nani alitunga, nani aliimba, nani alipiga kinanda, mkubaliane mkiwa bado marafiki. Viongozi wa kwaya, hili ni lenu pia. Mungu hakatazi risiti. Ofisi ya Afisa Utamaduni ipo katika halmashauri yako, Vwawa ipo, Tunduma ipo, Itumba ipo, Mkwajuni ipo, Momba ipo. Nenda wiki hii. Nenda na jina lako kamili na orodha ya nyimbo zako, uliza jinsi ya kujisajili COSOTA, na wakikuambia urudi kesho, rudi kesho.