Tuwasikilize Watoto Wakisoma
(Hotuba ya mgeni rasmi, siku ya kutoa zawadi, Kiminini, 2026)

 

Waliotuzwa leo wametokwa na jasho, hongereni sana. Naomba sasa tuwazungumzie ambao majina yao hayakuitwa.

Ili kuwaelewa, kumbukeni Machi 2020. Korona ilifunga shule msimu wa kupanda mahindi ukiingia, na wengi wa watoto wetu wakashika jembe. Oktoba 12 walirudi Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4. Wadogo wa Gredi ya 1 hadi ya 3 walingoja mpaka Januari 4, 2021. Mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza anaunganisha silabi alikaa zaidi ya miezi 9 bila mwalimu. Masomo yalipeperushwa redioni, lakini redio haimsikii mtoto anapokosea.

Kisha mihula ikafupishwa ili kufidia muda. Watoto wakapanda gredi, ufa katika kusoma ukapanda nao. Shirika la Usawa Agenda lilipowapima baada ya shule kufunguliwa, watoto 2 tu kati ya 5 wa Gredi ya 4 waliweza kusoma Kiingereza cha Gredi ya 3. Si korona peke yake iliyotufikisha hapo, ila ilituzidishia.

Aliyekuwa Gredi ya 1 wakati ule alifanya KPSEA, tathmini ya mwisho wa Gredi ya 6, mwaka jana, na sasa yuko Gredi ya 7. Akishindwa kulisoma swali la sayansi, tunasema hajui sayansi, kumbe swali lenyewe halijamfikia.

Walimu wangu, msikilizeni kila mmoja akisoma, kisha mwanzieni pale alipo, hata kama ni kitabu cha Gredi ya 2. Asichekwe. Wazazi, kila jioni mtoto awasomee kwa sauti. Hata mzazi asiyejua kusoma ana masikio ya kusikiliza. Mwalimu Mkuu, ruhusu vitabu vya hadithi viende nyumbani. Kitabu kikirudi kimechakaa, kimefanya kazi. Nami nitanunua vingine kwa ajili ya shule hii.

Wanafunzi, ukikwama kwenye neno, inua mkono uulize. Hapana aibu katika kujifunza.