Mstaafu na Jembe Lake
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mombasa)



Halmashauri imenitaka niseme machache juu ya wenzetu wanaokaribia kustaafu, kisha nilete hoja. Tangu mwaka 2009 mtumishi wa Serikali ya Kenya kwa kawaida hustaafu akiwa na umri wa miaka 60. Baadhi ya wanachama wetu hawakusudii kurudi kwenye mashamba ya baba zao. Wamenunua viwanja Voi, mwendo wa kilomita zipatazo 150 kutoka hapa.

Wako wanaowalaumu kwamba wameukimbia ukoo. Mimi siwalaumu. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita Voi, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza likachepuka hapo tawi la kwenda Taveta. Reli na mashamba ya mkonge viliwaleta watu wa makabila mengi, wakakaa pamoja na wenyeji Wataita. Kwa hiyo mgeni si kioja Voi.

Lakini mji kuwazoea wageni ni jambo moja, na mji kukujua wewe ni jambo jingine. Mstaafu hufika na kiinua mgongo chake, akajenga nyumba ya mawe na kuizungushia ukuta, kisha akanung'unika kwamba hapana ampigiaye hodi. Fedha hununua kiwanja, jirani hanunuliwi. Na siku atakapougua usiku, lango lile lile la chuma litamzuia anayekuja kumwauni.

Wahenga walinena: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mstaafu asingoje kupewa jembe. Na aje nalo. Jembe la karani ni kalamu: aweke hesabu za kikundi cha maji, amwandikie barua mjane asiyejua kuandika. Fundi na amfunze kijana kazi. Nchi ile ni kame, na tembo wa hifadhi ya Tsavo, iliyoanzishwa mwaka 1948, huingia mashambani. Taabu hizo huwaunganisha majirani kuliko karamu. Ahudhuriaye mkutano wa maji, na akeshaye na wenziwe kulinda mahindi, hataulizwa tena ametoka wapi. Tena aanze kabla hajastaafu: aende huko likizoni, ajifunze salamu za Kidawida, ashike jeneza pamoja na wenyeji.

Sasa hoja yenyewe. Kwa kanuni zetu, mwanachama anayehama Mombasa hupoteza haki ya kuzikwa na chama, hata kama amelipa ada miaka 30. Huko aendako nako, vyama vingi vya kuzikana humtaka mgeni angoje kwa muda kabla ya kusaidiwa. Akifa katikati, nani atamzika? Je, mtu aliyewazika wenzake maisha yake yote alale chumba cha maiti kwa kukosa mwenyewe?

Naomba kanuni hiyo ibadilishwe, mwanachama mstaafu abaki na haki zake kwa miaka 2 baada ya kuhama, akilipa nusu ya ada. Mwekahazina atasema kwamba mfuko ni mdogo, naye asema kweli. Lakini mfuko huo ulijazwa na hao hao. Tusiwaage mlangoni kisha tukaufunga.